Moshi wa Bunduki ya 71: Uchambuzi wa Baruti Waliyopewa Askari wa Tabora

Vita vilipotangazwa Ulaya mwezi Agosti 1914, jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki lilikuwa na kampuni 14 za askari, watu wapatao 2,500 bila kuhesabu polisi. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wengi miongoni mwao. Koloni lenyewe lilikuwa na mambo mapya ya kujivunia: reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na kufikia Februari 1914 ilikuwa imegusa ziwa pale Kigoma. Lakini kampuni nyingi za askari waliopanda mabehewa hayo zilibeba bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, yenye mtutu wa milimita 11, inayotiwa risasi moja moja na inayotumia baruti nyeusi, ile ya moshi.

Jeshi la Ujerumani kwao lilikuwa limeiacha baruti hiyo tangu 1888. Wafaransa walitangulia: mwaka 1884 Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, na mwaka 1886 bunduki ya Lebel ikaingia jeshini kwao. Kwa hiyo askari wa Tabora aliingia vitani na baruti ambayo mabwana zake waliitupa miaka 26 nyuma. Nauliza mambo mawili: nani aliichagua baruti ile na kwa sababu gani, na ilimgharimu nini aliyeibeba?

Sababu ya kwanza ni ya kihasibu, na mimi siidharau. Jeshi la koloni lilipoundwa, kwanza chini ya kamanda Mjerumani Wissmann mwaka 1889 na kisha rasmi mwaka 1891, Ujerumani ilikuwa inabadilisha bunduki zake kwa mamia ya maelfu. Za 1871 zilibaki nyingi, imara, na risasi zake tele. Zilisambaa kila kona ya dunia. Julai 1914, siku chache tu kabla ya vita, Waayalandi waliotaka kujitawala walishusha bunduki 900 za aina hiyo hiyo katika bandari ya Howth. Kwa mwaka 1891, kumpa askari mpya bunduki ya 71 halikuwa jambo la ajabu.

Sababu ya pili ndiyo inayoniuma. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi lile vita nzima, aliandika baadaye kwamba kabla ya vita ilikuwa imeenea imani kuwa baruti ya moshi ndiyo inayowafaa zaidi askari Waafrika, kwa kuwa walikuwa hawajawahi kutumwa kupigana na adui mwenye silaha za kisasa, ila katika vita vya wenyeji, ambako risasi nene ni faida na moshi hauna madhara. Yeye mwenyewe akakiri kuwa vita vilionyesha kinyume. Katika Afrika ya Kusini-Magharibi, ambako jeshi la Wajerumani lilikuwa la Wazungu, bunduki za kisasa zilifika mapema bila mjadala wa nani anafaa baruti gani. Nchi iliyotawala ilikuwa moja, hazina moja na bara moja. Kilichotofautiana ni rangi ya mkono unaoshika kitako.

Imani hiyo ilikuwa na mizizi katika sheria. Mkataba wa Brussels uliotiwa saini Julai 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika ya kati na mashariki. Vilivyoruhusiwa kuuzwa kwa wenyeji ni magobore ya gumegume yasiyo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Mkataba ule ulijitangaza kuwa wa kupiga vita utumwa, na kweli bunduki zilikuwa zikilisha biashara hiyo. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba baruti nyeusi ikaandikwa katika karatasi za mataifa kuwa baruti ya Mwafrika.

Na Unyamwezi iliijua baruti hiyo vizuri mno. Misafara ya kutoka pwani iliileta pamoja na nguo na shanga, ikirudi na pembe za ndovu. Mirambo alijenga dola yake kwa rugaruga wenye magobore, na mwaka 1871, mwaka ule ule wa bunduki ya Mauser, alianza vita na Waarabu wa Tabora vilivyofunga njia ya Ujiji. Mtemi Isike wa Unyanyembe, Wajerumani walipolivunja boma lake mwezi Januari 1893, aliliwasha ghala lake mwenyewe la baruti kuliko kukamatwa mzima. Afisa Mjerumani aliyeziona habari hizo alihitimisha kuwa watu hawa na moshi ni damu moja. Hakujiuliza kama walikuwa na kingine cha kuchagua.

Sasa tuifungue risasi yenyewe, maana wengi husema baruti nyeusi ilikuwa dhaifu, na hilo si kweli.

Ndani ya ganda la bunduki ya 71 kulikuwa na gramu 5 hivi za baruti nyuma ya kichwa cha risasi cha madini ya risasi chenye gramu 25. Risasi hiyo ilitoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 440 kwa sekunde. Baruti yenyewe ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, na inapoungua zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi: inabaki chembe ngumu. Chembe nyingine huruka hewani, na huo ndio moshi mweupe mzito. Nyingine hubaki mtutuni kama masizi, na masizi hayo hunyonya unyevu na kula chuma. Kati ya gramu 5, basi, gramu mbili na nusu na zaidi hazisukumi kitu chochote.

Pamoja na hayo, baruti hii hupiga mbali na kwa usahihi. Septemba 1874, katika uwanja wa Creedmoor karibu na New York, timu ya Marekani ilipambana na ya Ireland kwa umbali wa yadi 800, 900 na 1,000. Marekani walishinda kwa pointi 934 dhidi ya 931, na kila risasi iliyopigwa siku ile ilisukumwa na baruti nyeusi. Hata leo wapo Marekani wanaoshindana kwa bunduki za aina hiyo, kwa maganda kama .45-70, kwenye shabaha za umbali wa yadi 1,000, na sheria za mashindano yao zinawakataza kuchanganya humo hata chembe ya baruti ya kisasa.

Wapigaji hao wanatusaidia kukichambua kisa chetu, kwa sababu wao wanaichagua baruti nyeusi kwa hiari na wanajua wanachokitafuta. Jambo la kwanza ni ulinganifu. Risasi inayokaa hewani zaidi ya sekunde tatu kabla ya kufika haivumilii tofauti za mwendo: moja ikitoka polepole kidogo tu kuliko mwenzake, inaanguka chini ya shabaha. Kwa hiyo wanachagua baruti ya punje zenye ukubwa mmoja, iliyosagwa na kushindiliwa vizuri kiwandani, na huwa radhi kulipa zaidi kwa ajili hiyo. Jambo la pili ni masizi laini. Masizi yakikauka na kuwa magumu mtutuni, risasi inayofuata hukwaruzwa na kupotea njia. Ndiyo maana utamwona mpigaji akipuliza pumzi yake yenye unyevu kupitia mrija baada ya kila mlio, au akipitisha kitambaa kibichi, na risasi zake amezipaka mafuta ya nta. Siku ya joto kavu humsumbua kuliko siku ya ukungu.

Sasa angalia wasichokitazama kabisa. Moshi. Kwenye mashindano moshi ni bughudha ya sekunde chache, upepo unaupeleka, mpigaji anasubiri na mwenzake mwenye darubini anamwambia risasi imefika wapi. Hakuna mtu upande wa pili anayeutazama moshi huo ili amlenge. Uchaguzi uliotulia kabisa katika uwanja wa shabaha unageuka hatari mara tu shabaha inapoweza kujibu.

Nchi yenyewe nayo iliizidisha hatari hiyo. Eneo kubwa la Tabora na la mashariki mwa Kigoma ni msitu wa miombo. Wakati wa kiangazi majani yanapokuwa yamepukutika mtu huona mbali kidogo, lakini mvua zikianza, mara nyingi huwezi kumwona mtu aliye umbali wa mita 100. Katika pori kama hilo aliyejificha vizuri ndiye mwenye nguvu. Askari mwenye bunduki isiyo na moshi hulala nyuma ya kichuguu, apige, na adui abaki na mlio tu unaogongana kwenye miti asijue umetoka wapi. Mwenye bunduki ya 71 hujitangaza kwa mlio wa kwanza. Chini ya miti upepo ni mdogo, na moshi huning'inia pale pale juu ya kichwa chake.

Chukua askari 60, kila mmoja akipiga risasi 10. Hizo ni kilo 3 za baruti, na zaidi ya kilo moja na nusu yake imegeuka chembe ngumu, ambazo sehemu yake imemwagwa hewani mbele ya mstari wao. Wao wenyewe hawaoni tena wanachokilenga, wakati adui anaona ukuta mweupe unaomwonyesha mstari ulipoanzia na ulipoishia. Lettow aliandika kwamba wingu lile lilimsaliti mpigaji upesi na bila kukosea, si kwa jicho kali la askari mzoefu wa porini peke yake, hata kwa Mzungu aliyezoea kukaa ofisini.

Kwa nini basi hawakuliona miaka yote 20 na zaidi kabla ya 1914? Naamini jibu liko kwa wale waliopigana nao. Kwenye vita vya Isike, vya Mkwawa, na vya Maji Maji kuanzia 1905, upande wa pili kwa sehemu kubwa ulikuwa na mikuki, mishale na magobore. Gobore lenyewe linatoa moshi, na umbali wake ni mfupi. Adui wa namna hiyo hakuweza kuutumia moshi wa Mjerumani kama alama ya kulenga kutoka mita 300. Kosa la baruti lilikuwepo, ila hapakuwa na wa kuliadhibu. Mwaka 1914 akaja, naye alikuwa Mwafrika mwenzake: askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, kutoka Kenya na Nyasa alikuwa na bunduki ya .303 ya baruti isiyo na moshi, na aliitumia vizuri. Hoja ya kwamba ngozi nyeusi hufaana na moshi ilivunjwa na watu wa upande wa pili wa mpaka.

Kuhusu mruko wa risasi sitakaa sana. Kwa mita 300, risasi ya 71 hushuka karibu mita tatu kutoka mstari wa mtutu. Ile ya Mauser ya 98, yaani bunduki ya kisasa ya mwaka 1898, iliyotoka kwa mita zipatazo 880 kwa sekunde, hushuka chini ya mita moja. Askari akikosea kukadiria umbali kwa mita 50, mwenye 98 bado anaweza kumpata mtu, na mwenye 71 anapiga udongo au matawi.

Jambo ambalo waandishi wengi wa vita hulipita mbio ni uzito, na kwa mtu wa Tabora hapo ndipo kisa kinapoingia nyumbani. Risasi moja kamili ya 71 ina uzito wa karibu gramu 43. Ya Mauser ya kisasa ina gramu 24. Baruti isiyo na moshi ina nguvu zaidi kwa kila gramu, kwa hiyo ganda huwa dogo, risasi huwa nyembamba, na vyote hupungua uzito. Askari anayebeba risasi 100 mwilini ana zaidi ya kilo 4 kwa aina ya kwanza, na kilo 2 na nusu hivi kwa aina ya pili. Tofauti hiyo ni chakula chake cha siku mbili.

Kisha fikiria mpagazi. Unyamwezi ndiyo nchi iliyobeba Afrika Mashariki mabegani kwa karne nzima ya misafara, na vita vile vilibebwa na watu hao hao, mara nyingi bila ridhaa yao. Mzigo wa kilo 25, ukiacha uzito wa sanduku, ni chini ya risasi 600 za baruti nyeusi, au zaidi ya 1,000 za kisasa. Kupeleka risasi 60,000 mahali ambapo reli haifiki kulihitaji wapagazi 100 na ushei kwa bunduki ya 71, na 60 hivi kwa ile nyingine. Kila mpagazi wa ziada naye anakula, na chakula chake kinabebwa na mpagazi mwingine. Wapagazi walikufa kwa maelfu katika vita vile, kwa kuhara, njaa na homa zaidi kuliko kwa risasi. Aliyekaa ofisini akaamua kwamba baruti ya zamani inatosha aliongeza watu kwenye safari zile, hata kama hakuliwaza hilo.

Je, kulikuwa na njia nyingine? Ya wazi ni kununua bunduki za 98 kwa kampuni zote kabla ya vita, na kazi hiyo ilikuwa imeanza, kwa mwendo wa kinyonga: Agosti 1914 kampuni chache tu ndizo zilizokuwa nazo.

Njia ambayo huwajia watu haraka ni kubaki na bunduki ya 71 na kubadilisha baruti iliyomo. Hii ni hatari, na inafaa kueleweka hata leo kwa sababu magobore bado yapo vijijini kwetu na wapo wanaodhani baruti ni baruti tu. Baruti nyeusi huwaka kwa kasi isiyobadilika sana hata msukumo wa gesi unapopanda. Ya kisasa huongeza kasi kadiri msukumo unavyopanda, na msukumo huo nao huizidishia kasi. Chuma kilichotengenezwa kwa ajili ya ile ya kwanza kinaweza kupasuka mbele ya uso wa mpigaji. Hata pale ambapo kiwanda chenye vipimo kingeweza kupika baruti ya polepole inayofaa, askari wa Tabora hakuwa na kiwanda hicho, na baada ya Waingereza kuifunga bahari hakikuweza kufika kwake.

Lililobaki ni kuchanganya: kampuni hii na 71, ile na 98. Ndivyo ilivyokuwa, na mchanganyiko huo ulileta taabu yake. Risasi za milimita 11 haziingii kwenye mtutu wa milimita 7.92 wa bunduki ya 98. Sanduku likifika kwa kampuni isiyo yake ni mzigo wa bure. Na kampuni mbili zikipigana bega kwa bega, moshi wa moja unaichongea nyingine.

Suluhisho lilitoka kwa adui. Vita vya Tanga vilipokwisha mwanzoni mwa Novemba 1914, Waingereza waliacha nyuma mamia ya bunduki, bunduki za rashasha 16 na risasi zipatazo 600,000. Kampuni nzima nzima zilibadilishiwa silaha kwa mateka hayo. Aprili 1915 meli ya Rubens ilivunja kizuizi cha bahari na kuleta bunduki za 98, ingawa risasi zake nyingi zililowa maji ya chumvi na zilihitaji kusafishwa kwa kazi ndefu. Katika miezi ile ya mwanzo, kwa maelezo ya Lettow, hakukuwa na zawadi kubwa ambayo askari aliyefanya vizuri angeweza kupewa kuliko kumwondolea bunduki yake ya moshi na kumpa ya kisasa iliyotekwa. Kwa mara ya kwanza katika kisa hiki chote tunaisikia sauti ya askari mwenyewe kuhusu baruti, na haina utata wowote. Wale waliosema baruti ya moshi ndiyo inayomfaa walikuwa wamekaa naye miaka 20 bila kumuuliza.

Upande wa magharibi mambo yalikuwa na sura nyingine. Jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo nalo lilianza vita na bunduki za Albini za milimita 11, za baruti nyeusi pia. Kwa hiyo mwanzoni, katika maeneo ya Kivu na Tanganyika, moshi ulijibiwa na moshi. Kigoma iliangukia mikononi mwa Wabelgiji mwishoni mwa Julai 1916, siku chache baada ya Wajerumani kuizamisha wenyewe meli yao ya Götzen, ambayo sasa tunaiita Liemba. Kisha wakaja Tabora kutoka pande mbili, mapigano makali yakawa Lulanguru na Itaga katikati ya Septemba, na tarehe 19 Septemba mji ukachukuliwa. Jenerali Wahle wa Wajerumani akaondoka na askari wake kuelekea kusini.

Sisemi kwamba Tabora ilianguka kwa sababu ya baruti. Wabelgiji walikuja na watu wengi zaidi na mizinga, na Waingereza nao walikuwa wakishuka kutoka Mwanza. Ninachosema ni kwamba baruti ilichaguliwa kwa kutazama rangi ya askari badala ya kazi yake, na uchaguzi huo ulidumu hata baada ya hoja ya fedha kuchakaa. Mwaka 1891 ningeuelewa. Baada ya 1905, pale Ujerumani ilipoingiza risasi mpya iliyochongoka kwa jeshi lake na kuacha 71 mikononi mwa askari wa huku, siuelewi tena.

Ushahidi wa kisa hiki unaweza kuwa bado ardhini. Mkulima wa Itaga, Lulanguru au Usoke akiliokota ganda la shaba shambani, anaweza kujua lilibeba baruti gani kwa kulipima tu. Ganda la 71 lina urefu wa milimita 60, mdomo mpana wa kuingia kidole cha mtoto, na ukingo uliotokeza kwenye kitako. La Albini lina ukingo pia lakini ni fupi, milimita 50. La Mauser ya kisasa ni jembamba, milimita 57, na kitako chake hakina ukingo unaotokeza, bali mfereji uliochongwa kukizunguka. Likiwa bado na risasi yake, lisiguswe, polisi waitwe. Likiwa tupu, lisiende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla hajaandika limetoka shamba la nani, upande gani wa kilima, na mangapi yalikuwa pamoja nalo. Makumi ya maganda ya milimita 60 kwenye mstari mmoja yatatuonyesha mahali ambapo askari wa 71 walilala siku ile, na vichwa vya risasi nyembamba vilivyozama kwenye udongo pale pale vitaonyesha kama waliokuwa mbele yao waliuona moshi.